Gari Moshi, Baba Mkwe na Siri ya Mume Wangu

Mnayajua mambo ya kutoka kikundi. Mmoja anataka ufukweni, mwingine anataka madukani, wa tatu bila nyama choma haendi, na wa nne anasema yeye popote tu, halafu mkishaamua ananuna. Kikundi chetu cha hapa Birmingham kina jozi sita za wanandoa, wengi Watanzania, na kilianza kama chama cha kufa na kuzikana. Michango ya misiba, michango ya harusi, nauli za dharura. Miaka ikapita, siku moja mweka hazina akauliza, hivi sisi mbona tunaonana tukiwa tumevaa nyeusi tu? Ndipo tukaongeza kifungu cha starehe. Kila kiangazi mara moja tunatoka wote, na watoto, na mahotpoti.

Juni 2024 zamu ya kuchagua ilikuwa ya mume wangu. Akachagua treni. Na si treni ya kwenda mahali, la hasha! Treni ya makaa ya mawe, inayotoka Kidderminster hadi mji mdogo wa Bridgnorth, kama kilomita 26, halafu inarudi pale pale ilipotoka. Kelele zilizopigwa kwenye grupu ya WhatsApp siku hiyo hata sisemi. Maana tarehe 14 mwezi huo huo treni ya umeme ya SGR ilikuwa imeanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, mwendo hadi kilomita 160 kwa saa, na simu zetu zilikuwa zimejaa video za watu wakipunga mkono dirishani. Sasa nyumbani wanapaa, sisi tulioko Ulaya tulipe pauni zetu tukapande gari la kilomita 40 kwa saa? "Shemeji, umetuchoka," mmoja akaandika.

Mume wangu alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imelala kwenye chumba chetu cha wageni. Baba mkwe alikuwa amekuja kututembelea kwa miezi mitatu, baada ya mama mkwe kutangulia mbele ya haki mwaka uliotangulia. Mzee ana miaka 72, Mpare wa Same, mtu wa maneno machache na shati lililopigwa pasi. Ujanani, kuanzia 1972, alifanya kazi East African Railways upande wa Kenya, msaidizi wa dereva, yule anayechochea moto. Hilo familia nzima tunalijua. Zaidi ya hapo, ukimuuliza anakwambia, "Kazi ni kazi," basi.

Na mimi nilikuwa na langu moyoni. Mwezi Mei mume wangu, ambaye ni mhandisi wa umeme, alipata barua ya kazi Dar es Salaam. Kazi nzuri, tena ya mambo hayo hayo ya reli. Wiki ile ile nami nikapandishwa cheo, kutoka muuguzi hadi msimamizi wa wodi, cheo nilichokifukuzia miaka minne kwa zamu za usiku. Tulilizungumza usiku mmoja, tukamaliza vibaya. Yeye alisema tumekaa ugenini miaka tisa inatosha. Mimi nikasema inatosha kwa nani? Baada ya pale tukahamia kwenye lugha ya "umelipa gesi?" na "mtoto amekula?" Wenye ndoa mnaijua lugha hiyo. Jibu lilikuwa linatakiwa Dar Ijumaa iliyofuata baada ya safari yetu, na nilichokuwa nakijua mimi ni kwamba hatujaamua.

Basi bwana, Jumamosi ya mwisho ya mwezi tukakutana Kidderminster. Stesheni yenyewe ukiiona utaapa ni ya karne ya kumi na tisa, kumbe imejengwa miaka ya 1980, kwa mtindo wa zamani makusudi. Reli ndiyo ya kale. Ilifunguliwa 1862, na ilipofika 1963 serikali ikaona haina faida, treni za abiria zikasimamishwa. Waliobaki wakijali ni wakazi na wapenzi wa treni. Mwaka 1965 wakaunda chama, wakaanza kuchangishana na kuchafua mikono, na Mei 1970 wakapitisha treni yao ya kwanza ya abiria. Hadi leo sehemu kubwa ya wanaokukatia tiketi, wanaopuliza filimbi na wanaofuta vioo ni watu wa kujitolea. Mweka hazina wetu alipoambiwa hivyo alitikisa kichwa kwa heshima. Chama kinachodumu zaidi ya miaka hamsini bila watu kugombania daftari, si mchezo.

Kwa mnaofikiria kwenda, dondoo moja tu: chukueni tiketi ya siku nzima, inakuruhusu kushuka stesheni yoyote na kupanda treni inayofuata. Na msigombanie viti. Sisi tulipoteza robo saa tukigombania upande wa mto, wanawake tukashinda, tukakaa kushoto. Kumbe katikati ya safari reli inavuka mto Severn kwa daraja, na maji yote yanahamia kulia. Wanaume walicheka mpaka Bridgnorth.

Mabehewa ni yale ya vyumba vidogo, viti viwili virefu vya kitambaa vinavyotazamana, mlango wa kusukuma, na ujia mwembamba pembeni. Tulijibana watu wazima saba na watoto kwenye chumba kimoja, wengine cha jirani. Hotpoti zikafunguliwa kabla treni haijatikisika. Pilau, kachumbari, sambusa, chai ya maziwa kwenye chupa. Bibi mmoja wa Kizungu alipita ujiani, akarudi, akapita tena. Mwisho shoga yangu akamkabidhi sambusa mbili kwenye leso, tukaheshimiana.

Halafu honi ikalia. Mimi nimezoea treni zinazoondoka kimyakimya kama zimeiba kitu. Hii inaondoka kwa kishindo, unaisikia inavuta pumzi, inasukuma, inavuta tena, na harufu ya moshi wa makaa inaingia hadi kwenye pilau. Nilimtazama baba mkwe kwa jicho la pembeni, maana mkamwana hamkodolei macho mkwewe. Alikuwa amefumba macho. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinagonga goti, taratibu, kufuata mapigo ya injini.

Dakika chache kabla ya stesheni ya Bewdley, mwanangu wa miaka minne akapiga ukelele: "Babu, tembo!" Tukajua ni utoto. Wapi! Tembo wa kweli, wa Afrika, wamesimama kwenye majani ya Uingereza. Pale karibu na reli kuna bustani ya wanyama, na ukiwa na bahati unawaona kutoka dirishani. Mzee alicheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia toka afike. "Mchumba wangu," akamwambia mjukuu wake, "babu yako amepita Tsavo usiku miaka mitano, tembo wamesimama relini tunawapigia honi hawatoki. Leo nimekuja kuwaona kwa nauli!"

Pale pale, katikati ya kicheko, rafiki wa mume wangu akajifuta mikono, akanigeukia kwa uchangamfu wote. "Sasa shemeji, sherehe ya kuwaaga tuipange mwezi gani? Maana Dar mnatakiwa Septemba, si ndiyo?"

Chumba kikawa kimya. Mume wangu akawa anaitazama sambusa yake kama imeandikwa kitu.

Niliangalia nyuso moja moja. Wote walikuwa wanajua. Shoga yangu niliyempa sambusa agawe alikuwa anajua. Septemba! Yaani mwezi ulishapangwa, marafiki wameshaambiwa, mimi ndiye nilikuwa sijapewa taarifa. Mwenzangu, ningekuwa nyumbani kwangu mlango ungefungwa na maneno yangetoka. Lakini mbele ya baba mkwe mwanamke hafoki. Nikasema, "Tutawaambia, shemeji," nikamshika mtoto mkono, nikatoka ujiani. Nikasimama dirishani nikitazama mto, ambao kwa hasira zangu sikuuona.

Mume wangu hakunifuata. Nasema hivyo bila kumpaka matope, ndivyo ilivyokuwa.

Bridgnorth ni mji wa juu ya mlima, wenye kanisa, soko, na mnara wa ngome ulioinama kuliko hata ule wa Pisa. Wenzetu wakaenda kupiga picha na mnara. Sisi tulibaki jukwaani kwa sababu ya Mzee, ambaye alikuwa anatembea moja kwa moja kuelekea kichwa cha treni kama mtu anayerudi kwake. Injini ya kijani, shaba inang'aa, inadondosha maji na kupumua. Aliyekuwa na beleshi mkononi, uso umejaa masizi, alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Katikati ya wiki ni mhasibu, alituambia. Mwisho wa wiki anachochea moto.

Kiingereza cha Mzee ni cha reli, lakini kilitosha. Alisema maneno mawili, "Garratt" na "Mombasa," na dereva, mwanaume wa makamo mwenye ndevu nyeupe, akavua kofia. Kweli kabisa, akavua kofia! Wakamsaidia Mzee kupanda, mkono mmoja kwenye chuma, mguu wa kwanza, wa pili, na pale juu mgongo wake ukanyooka.

Nikajifunza mengi jioni ile kuhusu mtu niliyeishi naye nyumba moja wiki sita. Garratt ni injini ndefu kuliko kawaida, boila katikati na mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele mmoja nyuma. Zile za daraja la 59 zilizokuwa zinapanda kutoka Mombasa hadi Nairobi zilikuwa 34, kila moja ina uzito wa kama tani 250, na zote zilitengenezwa Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Yaani mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka pale tuliposimama. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. "Na moja," Mzee akamwambia dereva huku akijigonga kifua, "ilikuwa Mount Shengena. Huo ni mlima wetu. Nimezaliwa chini yake." Madereva wengi wakati ule walikuwa Makalasinga, akasema, na ole wako Kalasinga apitishe kitambaa cheupe kwenye shaba kitoke kichafu. Yeye alikuwa analisugua jina la mlima wa kwao mpaka anajiona uso. Shengena bado ipo, imetunzwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nilimwona mume wangu akimeza mate. Hakuwa anajua.

Yule msichana akawa anatueleza kazi yake. Wengi wanadhani ukifika mlimani ndipo unatupa makaa, akasema. Ukingoja mlima umechelewa. Makaa unayotupa sasa yanakupa mvuke baada ya dakika kadhaa, kwa hiyo unauchochea moto ukiwa bado tambarare, wakati dereva hata hajauhitaji. Na yeye na dereva hawapigi kelele. Kila mmoja lazima ajue mwenzake anataka kufanya nini kabla hajakifanya. Halafu akatuonyesha kioo cha kupimia maji. Maji yakishuka mno, juu ya moto kuna plagi yenye risasi ndani, risasi inayeyuka na mvuke unamwagikia moto, safari imeishia hapo. Ndiyo kinga ya boila lisilipuke. "Sisi tulikuwa wa mafuta mazito," Mzee akasema. "Moto ulikuwa unafungua koki tu. Lakini maji ni yale yale. Macho hayatoki kwenye kioo."

Mimi na mume wangu tulikuwa tumesimama jukwaani, mtoto katikati, kila mmoja anatazama mbele.

Wakati wa kurudi wenzetu, kwa busara zao, wakakaa chumba kingine. Tukabaki wanne. Mtoto akalala mapajani kwangu kabla ya Hampton Loade. Mzee alikuwa na masizi kwenye kola ya lile shati lake, na hakuyafuta. Akaanza kuzungumza akiwa anatazama nje, wala hakutaja mambo ya asubuhi.

Alisema mwaka 1976 alikuwa Voi, amepata chumba kizuri cha kupanga. Mama mkwe alikuwa Same, anafundisha shule ya msingi. Akamwandikia barua aache kazi aje. "Haikuwa barua ya kumuuliza," akasema. "Ilikuwa ya kumpa tarehe." Mama mkwe akaacha kazi, akaja, wakanunua kitanda. Miezi michache baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ikavunjika na kila nchi ikashika reli yake. Mzee alirudi kutoka safari ya usiku, hajaoga, akakuta karatasi kwenye ubao wa matangazo. Orodha ya Watanzania. Jina lake na tarehe ya kuondoka, bila hata neno la pole. Mpaka ulifungwa mwaka huo huo na haukufunguliwa hadi 1983. Kile kitanda hawakukiona tena.

"Mama alirudi kufundisha lini?" mume wangu akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Baada ya miaka sita. Nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa."

"Mimi nilijua alikuwa mwalimu siku zote."

"Wewe ulikuwa hujazaliwa." Mzee akanyamaza kidogo. "Hakunilaumu hata siku moja. Lakini kila Januari shule zikifunguliwa, alikuwa anafagia uwanja mpaka vumbi linaingia ndani. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda namtazama. Mimi wakanipa tarehe ubaoni, nikalia kama mtoto. Yeye nilishampa tarehe kwenye bahasha." Kisha akanigeukia, mara ya kwanza siku ile kuniangalia usoni. "Mama, ile chai imebaki?"

Nikammiminia. Mkono ulikuwa unatetemeka, na sikusingizia treni.

Baada ya stesheni ya Arley mume wangu akaniomba tutoke ujiani, Mzee akampokea mtoto. Treni ilikuwa inaingia kwenye daraja la Victoria, upinde mmoja wa chuma wa mwaka 1861, na mto uko chini kabisa kwa pande zote. Akasema rafiki yake alimbana kwa maswali, akamjibu Septemba ili kuonekana ana mpango. Nikamwambia kwamba Septemba yenyewe si shida yangu, shida ni mimi kuisikia kwenye sambusa. Akacheka, halafu machozi yakamlengalenga, mwanaume mzima na masizi puani. Akaniuliza, "Wewe unataka nini?" Wiki sita tulikuwa tumebishana na hilo swali halikuwa limeulizwa.

Nikamwambia. Nataka kurudi, ndiyo, sijawahi kukataa kurudi. Lakini nataka kwanza nikae na wodi yangu miezi kumi na minane, nipate cheti cha uongozi ambacho Dar kitanipa kazi ya maana, nisije nikawa mke wa mhandisi anayetafuta pa kuanzia akiwa na miaka thelathini na sita. Alisikiliza mpaka mwisho. Tulifika Bewdley bado tumesimama, gadi anatuomba njia apite.

Jumanne akaandika Dar, akaomba wamsubiri hadi Januari yeye atangulie, mimi nifuate. Wakakataa. Waliitaka Septemba au basi. Siwezi kuwapambia: alikataa ile kazi, na ilimuuma sana. Wiki nzima alikuwa anakula nusu sahani. Nilikuwa nakaa naye sebuleni televisheni imezimwa, hatusemi, lakini kimya chenyewe kilikuwa kingine, si kile cha gesi na chakula cha mtoto.

Mzee alirudi Same mwezi Agosti. Desemba akapanda SGR kutoka Dar hadi Dodoma, akatupigia simu akiwa ndani. Safi sana, akasema, inakimbia, kikombe hakitikisiki. "Ila haina harufu. Treni gani haina harufu?"

Januari 2025 tuta liliporomoka karibu na Bridgnorth, kipande kile cha reli kikafungwa kwa miezi. Mweka hazina alipitisha bakuli kwenye kikundi bila mtu kumwagiza. Hazikuwa pesa nyingi, lakini kufa na kuzikana ni kufa na kuzikana.

Na sasa kuna barua nyingine ya kazi, kutoka kampuni tofauti, Dar hiyo hiyo. Ilipoingia kwenye simu yake mume wangu hakuisoma. Alinipa nisome kwanza, yeye akaenda kubandika chai. Tuna hadi mwisho wa mwezi. Tumeshakubaliana kuhusu mshahara na kuhusu shule ya mtoto, na cheti changu nimeshakipata. Mwezi wa kuondoka ndio bado tunabishana, yeye anasema Juni, mimi nasema Agosti.